Jike na dume banda moja: Somo alilotuachia Pamba

"Mama, kwa nini hatumtoi?"

Swali hilo aliniuliza binti yangu wa miaka sita asubuhi moja ya Machi, mimi nikiwa na mkoba begani tayari kuwahi daladala. Alikuwa amechuchumaa mbele ya banda la sungura, nyuma ya nyumba tunayopanga jijini Dar es Salaam. Sare yake ya shule ilikuwa imeshashika vumbi magotini.

Ndani ya banda, Kahawa, sungura wetu dume, alikuwa akimfukuza Pamba, jike. Pamba alikuwa amezaa usiku huo. Watoto wake walikuwa wekundu, macho yamefumba, hawana manyoya. Alikimbilia kona hii, Kahawa akamfuata. Akakimbilia ile, Kahawa akamfuata. Banda lenyewe lilikuwa na urefu wa mita moja tu.

"Wanacheza," nilimjibu.

"Yeye hachezi, Mama. Anataka kutoka."

Nilitazama saa, nikamshika mkono, tukaondoka. Njia nzima hakuniuliza tena.

Mzazi mwenzangu, jibu lile la neno moja ndilo limenifanya niandike makala haya. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kazi yangu ni kuuliza maswali na kusikiliza majibu. Siku ile mtoto aliona jambo kwa macho yake, akaniambia kweli, na mimi nikamwambia hajaona alichokiona.

Tulianza na jozi

Hadithi ilianza Desemba, likizo ya mwisho wa mwaka. Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la awali na nilimwahidi zawadi. Akasema anataka mnyama. Mbwa mwenye nyumba hamtaki. Paka angemaliza vifaranga vya jirani. Tukakubaliana sungura, kwa kuwa hapigi kelele, hali chakula cha gharama na hahitaji eneo kubwa. Hilo la eneo, kama utakavyoona, nilijidanganya.

Muuzaji alituonyesha tenga lililojaa sungura wadogo wa miezi miwili hivi. Nilitaka mmoja. Akacheka.

"Chukua jozi, dada. Jike na dume. Mmoja peke yake anakufa kwa upweke."

Maneno yake yaliniingia. Kwa upande mmoja alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa sungura si mnyama wa kuishi peke yake. Asili ya sungura wa kufugwa ni sungura wa porini wa Ulaya, ambao huishi kwa makundi kwenye mashimo waliyochimba ardhini. Akiwekwa peke yake muda mrefu, hudorora.

Lakini huko porini jike akichoka kusumbuliwa ana uwanja mzima wa kukimbilia, na ana shimo lake la kuzalia ambalo hulifukia kwa udongo anapotoka. Banda la mbao lenye mlango mmoja halina hilo. Hapo ndipo muuzaji aliponyamaza, na mimi sikuuliza.

Nililipa Sh30,000 kwa wote wawili. Mweupe akaitwa Pamba, wa kahawia akaitwa Kahawa. Nikamwambia binti yangu kwa furaha, "Wakikua watatuletea watoto."

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha tupu. Walilala wamebanana, mmoja akimlamba mwenzake masikio. Niliwapiga picha, nikazituma kwenye kundi la familia. Mama mkwe wangu, aliyeko Morogoro, akajibu kwa ujumbe wa sauti, "Hao nao wamewazidi ninyi kwa mapenzi." Tulicheka sana.

Februari mambo yalibadilika. Kahawa alianza kuzunguka miguuni mwa Pamba akinguruma kwa sauti ndogo, kisha kumpanda, mara nyingi kwa siku. Mwanzoni mwa Machi nikamwona Pamba anajinyofoa manyoya ya tumboni kwa meno na kuyabeba mdomoni. Nilidhani ana ugonjwa wa ngozi. Nikapanga kumtafutia dawa mwisho wa juma.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akitafuta matandiko ya watoto. Hatukuwa tumempa sanduku la kuzalia wala nyasi kavu, maana hatukujua hata kama ana mimba. Usiku ule alizaa watoto sita juu ya mbao tupu. Asubuhi wawili walikuwa wameshapoa. Na Kahawa alikuwa yumo humo humo, akimfukuza.

Siku 31

Sungura hubeba mimba kwa wastani wa siku 31. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba jike anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa chache baada ya kuzaa. Yeye hana kalenda kama ya binadamu. Kitendo chenyewe cha kupandwa ndicho kinachoufanya mwili wake kuachia mayai, saa kumi hivi baadaye. Kwa hiyo kila siku anayokaa na dume inaweza kuwa siku ya mimba.

Katikati ya Aprili, Pamba alizaa tena. Safari hii walikuwa saba. Wale wanne waliosalia katika uzao wa kwanza walikuwa na mwezi mmoja tu, bado wanamfuata wanyonye. Mita moja ya banda ikawa na sungura wakubwa wawili na wadogo kumi na mmoja.

Jirani alipita, akachungulia. "Hongera, Mama. Utajiri huo!"

Nilimpigia simu mama mkwe kumweleza kwamba Pamba amekonda, ukimshika mgongoni unahesabu mifupa. Akaniambia kwa upole, "Sungura ndivyo walivyo, mwanangu. Kazi yao kuzaa."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa naandika habari kuhusu nafasi kati ya uzazi na uzazi. Nilishinda asubuhi nzima kwenye kliniki ya mama na mtoto, chini ya bango lenye nyota ya kijani ambayo wengi wetu tumeizoea kwenye zahanati. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aliyejifungua mtoto hai asubiri angalau miezi 24 kabla ya kujaribu kubeba mimba nyingine. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mwili wa mama unahitaji muda wa kurudisha nguvu, na kwamba mtoto anayenyonya naye ana haki yake katika muda huo.

Jambo hilo si geni kwangu. Binti yangu nilimzaa nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Bila mama yangu kumchukua mtoto mchana ili niingie darasani, leo usingesoma jina langu gazetini. Najua maana ya mwili uliochoka ambao bado unadaiwa.

Jioni ile nilirudi nyumbani, nikamkuta binti yangu ameketi bandani na bakuli la mchicha. Alikuwa amelitenga fungu la Pamba peke yake, anamlisha jani moja moja kupitia kwenye wavu huku akiwasukuma wengine kwa kidole.

"Pamba amechoka," alisema. Hakuwa ananiuliza.

Mgeni wa Jumamosi

Nilimpigia simu ofisa mifugo. Alifika Jumamosi asubuhi, mzee wa makamo, mkoba wa turubai begani. Binti yangu alimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Nionyeshe mgonjwa."

Alipiga magoti mbele ya banda, akatazama kwa dakika nzima bila kusema neno. Kisha akauliza swali moja tu.

"Huyu dume hutolewa saa ngapi?"

"Hatolewi," nilijibu.

Akatikisa kichwa taratibu. Alimtoa Pamba, akamweka juu ya gunia, akampapasa tumbo kwa vidole vya mkono mmoja. Pamba alikuwa na mimba ya tatu.

"Mama, umeniambia unaandika habari za uzazi wa mpango," alisema. Hakuwa ananisanifu. Alikuwa anasikitika. "Huyu naye angehitaji mpango. Yeye hana wa kumsemea ila mwenye ufunguo wa banda."

Kahawa alitolewa saa ile ile, akalala kwenye tenga la nyanya lililofunikwa kwa ubao. Jumatatu fundi seremala wa mtaani alianza banda la pili. Lilinigharimu Sh60,000, mara mbili ya bei ya sungura wenyewe. Kama ningelijenga Desemba, nisingekuwa na la kuandika leo.

Katika ule uzao wa pili watatu walikufa wiki ya kwanza, maziwa hayakutosha. Tulimpa Pamba nyasi kavu bila kikomo, chakula cha madukani kidogo, maji safi na utulivu. Alianza kulala amenyoosha miguu ya nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Februari. Nilianza kuamini atapona.

Mei alizaa kwa shida. Alianza usiku, hadi mchana alikuwa bado anahangaika. Walitoka wanne, wawili wakiwa wafu. Nilikuwa kazini. Binti yangu aliporudi shuleni alikwenda moja kwa moja bandani kama kawaida yake. Dada anayetusaidia nyumbani alinipigia simu. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto akilia.

Pamba alikufa kesho yake alfajiri. Wale wawili nao hawakufika mwisho wa wiki.

Tulimzika chini ya mpapai. Baba yake alichimba shimo, binti yangu akaweka jani la mchicha. Kisha akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa.

"Siku ile ningemtoa, angekufa?"

Mzazi, sentensi hiyo ilinichoma kwa sababu ya neno moja. Alisema "ningemtoa". Mtoto wa miaka sita, ambaye hafiki hata kwenye komeo la banda, alikuwa amejibebesha mzigo ambao ulikuwa wangu.

Nilipiga magoti tukawa sawa kwa urefu. Nikamwambia, "Wewe uliona. Ukaniambia. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye sikusikiliza. Nisamehe."

Alinitazama kidogo, akasema, "Ulisema wanacheza."

"Nilisema uongo," nilimjibu. "Sikutaka kuchelewa."

Neno "wanacheza"

Sisemi sungura ni watu. Kahawa hakuwa mbaya, alifanya kile ambacho mwili wa dume aliyekomaa humtuma kufanya. Kosa lilikuwa la aliyewafungia pamoja na kuondoka na ufunguo.

Lakini mtoto aliyesimama nje ya banda ni mtu, na anajifunza. Siku ile angeweza kujifunza kwamba ukiona mmoja anakimbia na mwingine anamfukuza, na anayekimbia hana pa kwenda, mkubwa atakuja kufungua mlango. Badala yake alijifunza kwamba mkubwa atakwambia ni mchezo.

Katika kazi yangu nimewasikiliza watoto ambao siku fulani walimwambia mtu mzima jambo walilofanyiwa, wakajibiwa hivyo hivyo. "Anakutania tu." "Mnacheza." Wengi hawakurudia kusema. Ndiyo maana neno lile limenikaa kooni.

Baada ya mazishi nilimweleza binti yangu kwa maneno ya kawaida kilichotokea. Kwamba dume na jike wakipandana jike hupata mimba. Kwamba mimba na kunyonyesha huchukua nguvu nyingi mwilini. Kwamba Pamba hakupewa nafasi ya kupumzika. Hakushtuka wala hakuona haya. Aliuliza maswali mawili, nikayajibu, akaenda kucheza. Sisi wakubwa ndio wenye kuona haya.

Kabla hujanunua jozi

Haya ndiyo ningetamani mtu anieleze Desemba ile, na mengi niliyapata kwa ofisa mifugo.

Kwanza, jua jinsia kabla ya kulipa. Sungura wadogo hufanana. Mwombe muuzaji amgeuze, abonyeze taratibu sehemu ya siri. Dume huonyesha kitu cha mviringo kama bomba dogo, jike huonyesha mpasuo mwembamba. Kwa wadogo sana hata wazoefu hukosea, hivyo rudia kuwakagua wakifika miezi miwili na nusu hadi mitatu. Umri huo kende za dume huanza kuonekana.

Pili, watenganishe kabla hawajatimiza miezi mitatu. Sungura wa aina ndogo huweza kuzaa wakiwa na miezi minne tu, wakubwa wa umbo huchelewa kidogo. Usisubiri uone dalili. Ukiziona, umeshachelewa.

Tatu, sungura hawajui undugu. Kaka atampanda dada yake, na baba atampanda binti yake. Watoto mliozalisha nyumbani nao wanahitaji kutenganishwa kwa umri ule ule.

Nne, madume wawili si suluhisho la haraka. Wakikomaa hupigana, na huumizana vibaya sehemu za siri. Majike wawili waliokua pamoja mara nyingi huelewana, lakini wape nafasi ya kutosha na uwatazame wanapokaribia utu uzima.

Tano, kama unataka jike na dume waishi pamoja bila kuzaa, njia ni kumhasi dume. Kazi hiyo ifanywe na daktari wa mifugo, na muulize bila kuona aibu kama amewahi kumhasi sungura, kwa sababu dawa ya usingizi kwa sungura inahitaji uzoefu. Baada ya kuhasiwa, mweke mbali na jike kwa wiki nne hadi sita. Mbegu zilizobaki bado zinaweza kutunga mimba. Jike naye akiondolewa kizazi hunufaika, maana saratani ya mji wa mimba huwapata mara nyingi majike wenye umri mkubwa ambao hawakuondolewa.

Sita, kama unafuga kwa kitoweo au biashara, dume awe na banda lake na jike lake. Siku ya kupandisha, mpeleke jike kwa dume. Ukifanya kinyume, jike hulinda eneo lake na huweza kumng'ata. Simama uone, haichukui muda. Kisha mrudishe jike na uandike tarehe ukutani. Siku ya 28 mwekee sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Dume asiwepo siku ya kuzaa. Usimpandishe tena hadi awe amewaachisha watoto na mwili umerudi.

Saba, usiogope ukiona jike hakai na watoto wake. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, kwa dakika chache tu. Watoto wenye matumbo yaliyojaa na waliotulia wananyonya vizuri. Macho hufunguka baada ya siku kumi hivi.

Na mtoto wako anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka bandani. Sungura huweza kuambukiza fangasi wa ngozi, na vinyesi bandani havikosi vijidudu.

Si sungura peke yao

Katika usiku wa kusoma kwenye simu baada ya Pamba kufa, nilijifunza kwamba kila mnyama ana hesabu yake.

Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wanaofuga simbilisi wanajua jinsi wanavyoongezeka. Kwa hao hesabu ni fupi kuliko ya sungura. Dume wa simbilisi atengwe na mama yake na dada zake akiwa na wiki tatu tu. Jike naye, kama sungura, huweza kushika mimba muda mfupi baada ya kuzaa.

Halafu kuna fereti, mnyama mwembamba mrefu wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere. Ulaya hufugwa kama kipenzi, na kwa karne nyingi ametumika kuwafurusha sungura mashimoni. Kwake kumtenga jike peke yake hakutoshi. Jike wa fereti akiingia joto asipopandwa hubaki katika joto kwa miezi, na homoni hiyo hudhoofisha uboho unaotengeneza damu hadi anaweza kufa kwa upungufu wa damu. Ukimwacha na dume, atazaa, na dume mzima wakati wa msimu humng'ata jike shingoni na kumburuta. Kwa hiyo wafugaji wa huko huwapeleka kwa daktari mapema, jike na dume, ndipo waishi pamoja kwa amani.

Niliposoma hayo nilielewa kwamba swali la "jike na dume wakae pamoja?" halina jibu moja la wanyama wote. Lina sharti moja tu, kwamba uulize kabla ya kununua, na umuulize mtu ambaye haokoti faida kwa jibu lake.

Mabanda mawili

Kati ya watoto wa Pamba walibaki wanane. Ofisa mifugo alirudi akawakagua mmoja mmoja, madume watano na majike watatu. Sita tumewagawa kwa familia mbili, majike na madume mbalimbali, kila familia na karatasi niliyoiandika kwa mkono, jinsia na tarehe ya kuzaliwa. Familia moja ilicheka ilipoisoma. Wiki tatu baadaye ilinipigia kuuliza fundi wangu anapatikana wapi.

Tumebakiza majike wawili wa uzao wa pili. Wanaishi kwenye banda jipya, refu kuliko lile la kwanza, lenye kisanduku cha kujificha. Kahawa yupo jirani yao, wavu mara mbili kati yao, kiganja kizima cha nafasi katikati. Anawaona, wanamwona, na kila mmoja hulala upande wake. Tumepanga ahasiwe mwezi ujao. Binti yangu anahesabu zile wiki sita kwenye kalenda ya jikoni.

Komeo tumelishusha lifikie urefu wake. Kila jioni hupita na kuniripotia kama askari wa zamu, "Nimefunga kwa Kahawa. Nimefunga kwa madada."

Alhamisi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa mlangoni na mkoba begani. Akaniita kutoka nyuma ya nyumba.

"Mama, dada mmoja amejificha. Hataki mchicha."

Sungura asiyekula ni jambo la haraka, tumbo lake halitakiwi kusimama hata siku moja. Lakini nakiri, si hilo lililonisimamisha kwanza. Ni sauti yake. Ilikuwa ile ile ya Machi.

Niliweka mkoba chini, nikaenda kuchuchumaa kando yake. Tulikuta chombo cha maji kimepinduka, pengine tangu usiku. Tukakijaza. Yule dada alitoka, akanywa muda mrefu, kisha akala.

Nilifika kazini nimechelewa dakika arobaini. Mhariri aliniuliza kulikoni. Nikamwambia binti yangu alikuwa na jambo la kunionyesha.